Gari Jeusi Pale Mama Alipoanikia Kokoa

Watu wa hapa Ikolo, Kyela, wakiniona nilivyokonda husema ni gari lililonimaliza. Siwakatalii. Gari nitalieleza sana humu, maana kwa miaka mitatu sikuwa na mazungumzo mengine, lakini kilichokuwa hatarini tangu mwanzo ni ekari mbili za mikokoa za mama yangu, na aliyezitia hatarini ni mimi.

Nilistaafu ualimu nikiwa na magoti mabovu na kiinua mgongo. Wenzangu walinunua mashine za kukoboa mpunga, wengine bajaji. Mimi nilipanda basi kwenda Mbeya kuangalia gari la Kijerumani lenye umri wa zaidi ya miaka thelathini. Lilikuwa jeusi, refu, viti vya ngozi, mbao za kung'aa kwenye dashibodi, na milango ambayo ukiifunga inatoa sauti nzito, ya kushiba, si kama haya makopo tuliyoyazoea. Muuzaji, mzee aliyekuwa anahama mji, aliniuliza swali moja tu: "Una fundi?" Nikamwambia fundi hakosekani. Akanitazama kidogo, akanipa ufunguo.

Hesabu yangu ilikuwa harusi. Kyela watu wakishauza mpunga na kokoa hawakai, wanafunga ndoa, na gari la maharusi lilikuwa linakodiwa kutoka Tukuyu au Mbeya. Langu lingekuwa hapa hapa. Mke wangu ni muuguzi, kazi ilimleta huku kutoka Singida, akabaki kwa sababu yangu. Alilizunguka gari mara moja, akaligonga tairi kwa ncha ya kiatu. "Mwalimu," akasema, "umenunua mgonjwa." Hajawahi kukalia kile kiti cha ngozi hata dakika moja.

Na kweli lilikuwa mgonjwa, tena wa zile aina zinazokuja mjini na suti. Mwezi wa kwanza liliacha doa la oili chini, dogo kama sarafu. Mwezi wa pili doa likawa sahani. Fundi akabadilisha gasketi. Kufika kwenye gasketi ikabidi afungue waya za injini, na zile waya, alipozigusa tu, ganda lake likapukutika kama biskuti iliyokaa juani. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwenye gari la namna hii hulitengenezi kitu kimoja. Unagusa hiki, kile kinavunjika kwa uzee na kwa joto. Kiyoyozi kilikufa. Raba zinazoshikilia injini zilikufa, gari likawa linatetemeka likisimama kana kwamba linaogopa. Milango, ambayo inajifunga yenyewe kwa upepo wa kipampu kilichojificha kwenye buti, ikawa inajifunga inapotaka. Spea ilikuwa inaagizwa Dar es Salaam, inakuja na basi ndani ya boksi la biskuti, na mara mbili ilikuja isiyo yenyewe. Fundi wangu alikuwa na gereji Kyela mjini, mtu wa makamo, mpole, mikono mizito. Kila akimaliza alisema, "Mwalimu, sasa tulia." Nami nilitulia hadi Jumamosi iliyofuata.

Usinifikirie kuwa sikuona. Niliona. Ila kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Pesa niliyokwisha kuitia ndani ndiyo iliyonizuia kuacha, na kila nilipoongeza, kuacha kukawa kugumu zaidi. Pensheni ilikuwa inaingia upande mmoja na kutokea kwenye bomba la moshi. Gia boksi ilipoanza kuteleza, nilikwenda kwa mama.

Mama ana miaka zaidi ya themanini. Mikokoa ile aliipanda yeye na baba, baba akafariki mingine ikiwa haijazaa. Anaijua mti kwa mti. Anavuna mwenyewe ile ya chini, anapasua, anaivundika kwenye majani ya migomba, anaianika, anaianua. Bei ilipopanda, watu wenye mashamba makubwa walijenga nyumba za bati. Mama alijenga choo kizuri, akanunua ng'ombe mmoja, na zilizobaki akanipa mimi nikatengeneze gia boksi. Sikumwomba mara mbili. Aliingia chumbani akatoka na fundo la kanga.

Sasa nieleze kosa langu, ili usihangaike kulitafuta kama nilivyohangaika mimi.

Kyela ni bonde. Mvua za masika zikianza, ua wetu wote unakuwa tope jeusi la kuvua viatu, isipokuwa sehemu moja mbele ya jiko la mama. Hapo pameinuka. Baba alipajaza changarawe akapasakafia, hatua kumi kwa sita, makusudi mama apate pa kuanikia kokoa. Ni mahali pekee pakavu katika boma letu. Gari zito namna ile huwezi kuliacha kwenye tope, litazama hadi milango. Nikamwambia mama ahamishe mikeka yake. Aliihamisha kando ya banda la mbuzi.

Msimu huo kokoa yake ilipata ukungu. Mnunuzi aliichota mkononi, akainusa, akairudisha guniani. Mavuno ya pili kuku waliyachakura. Kisha siku moja jua limetoka baina ya mvua mbili, nikarudi kutoka mjini nikamkuta mama ametandika turubai kuukuu juu ya boneti na paa la gari, amemwaga kokoa yake juu, anaigeuza kwa ufagio. Alinionyesha bila aibu yoyote, amefurahi.

"Linashika moto vizuri," alisema. "Siku tatu tu inakuwa imekauka. Na kuku hawafiki."

Nilicheka. Nilimpiga picha kwa simu nikaituma kwa ndugu. Mwaka mzima mama alianika kokoa juu ya gari langu siku ambazo halikuwa kazini, na mimi, msomi, mwalimu wa sayansi, niliona ni jambo la kuchekesha.

Turubai lilikuwa na matobo. Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, kuna matundu ya hewa, na chini ya matundu kuna mfereji wa bati wa kupokea maji ya mvua, na mwisho wa mfereji kuna tundu la kuyatoa nje. Punje za kokoa zilikuwa zinadondoka humo moja moja, na ute wake, na majani. Pembeni kabisa ya mfereji huo, ndani ya kisanduku, ndipo wale Wajerumani walipoweka ubongo wa gari lote. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati huo nilichojua ni kwamba gari limepandwa na shetani.

Lilianza kwa honi. Mvua ikinyesha, honi inapiga yenyewe. Waipa zikawa zinafuta kioo kikavu, na mvua ikija zinagoma. Fundi akapima, akasema boksi la kontroli, huo ubongo, limeungua. Tukaagiza jingine, la mtumba, kwa bei ambayo sikumwambia mke wangu. Likawekwa, gari likapona wiki tatu za jua. Mvua ilipokuja, likafa. Tukaagiza la pili. Mama akauza ng'ombe.

Na boksi hilo la pili ndilo nililokwenda nalo kwenye harusi. Bwana harusi alikuwa mtu wa Ngana, familia kubwa, wamealika watu hadi ng'ambo ya mpaka. Tulitoka kanisani vizuri, bendi ya matarumbeta mbele, akina mama wanapiga vigelegele pembeni. Mvua ikaja, ile mvua ya kwetu isiyoanza kwa manyunyu. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia ya ukumbini. Taa zote za dashibodi ziliwaka. Gari likazimika, gia ikajifunga, milango ikajifunga, vioo viwili vya nyuma vikashuka vyenyewe hadi chini. Bibi harusi alikuwa nyuma. Maji yalimwingia kwa upande wa kushoto na wa kulia, na mimi mbele natwanga kila swichi, naomba, nalitukana gari kwa Kinyakyusa, lugha ambayo nilidhani nimeiachia wazee. Walimtoa kupitia dirishani. Wakampandisha bajaji, shela imeviringishwa mkononi kama turubai la mvua. Vigelegele viligeuka kicheko, na kicheko cha watu mia mbili ukiwa umefungiwa ndani ya gari lako mwenyewe, hicho usikiombe.

Kesho yake asubuhi nilikwenda gereji. Wateja walikuwepo watano au sita. Nilimwambia fundi mbele yao kwamba ni mwizi. Kwamba maboksi yangu mazima anayauza, mimi ananiwekea mabovu. Niliyasema kwa sauti ya darasani. Yeye alikuwa ameshika spana, akaiweka chini taratibu.

"Mwalimu," akasema, "mimi gari lako limenishinda. Lakini kuiba, hapana."

"Basi tukutane kwa Mungu," nikasema, na nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Jina la fundi ndilo chakula chake. Nilisikia baada ya wiki mbili kwamba watu wawili wenye magari ya maana walihamia gereji nyingine. Sikujali. Nilikuwa nimefika pale ambapo mtu hajali. Nilikuwa naamka nakwenda kulitazama gari kabla ya kunawa uso. Nilikuwa nalichukia, na nilikuwa nalifuta vumbi.

Waliokuwa wamelikodi kwa harusi zilizofuata walikuja mmoja mmoja kudai chao. Mama alikuwa anawaona wakipita mlangoni kwake. Siku moja aliniita jikoni, akanisogezea kigoda.

"Nimeongea na jirani," alisema. "Anachukua ekari zote mbili. Utanunua hicho kiboksi kipya, siyo cha kuokota. Watu wanakucheka, na mimi nasikia."

"Mama, shamba lile..."

"Shamba litanifuata kaburini?"

Nilipaswa kupiga magoti nikamwambia hapana. Nilisema tutaongea. Mke wangu aliposikia hakugombana nami. Alisema tu, "Siku ya kuandikishana nitakuwa zamu," akatandika kitanda.

Zilibaki siku nne. Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, fundi alishuka kwenye bodaboda getini kwetu. Sikumwita. Alikuwa na bisibisi moja tu mfukoni. Alimwamkia mama, shikamoo bibi, mama akamjibu na kumuulizia watoto wake. Mimi alinisalimia kwa kichwa.

"Nimesikia bibi anauza shamba," akasema. "Mwalimu, nimekosa usingizi. Nilibadilisha maboksi, sikuuliza maji yanatoka wapi. Niruhusu niangalie, kisha niende zangu."

Alifungua boneti, akang'oa kile kipande cha plastiki chenye matundu chini ya kioo. Hakikuwahi kung'olewa tangu nimelinunua gari. Akaingiza mkono hadi kiwiko, akautoa. Kiganjani alikuwa ameshika tope jeusi, na ndani ya tope punje za kokoa, nyingine zimeoza, nyingine zimetoa mizizi myeupe. Akachota tena. Akachota mara ya tatu. Chini yake maji yalikuwa yamesimama, yamejaa hadi kwenye mfuniko wa kisanduku cha ubongo, mwezi mzima baada ya mvua.

Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno kokoa.

"Likizibuliwa hapa," alisema kwa sauti ya chini, "likawekwa boksi moja zima, litatembea miaka. Nakuapia."

Nilimtazama mama. Alikuwa mlangoni mwa jiko anapeta mchele, hatua kumi kutoka tulipo, anachungulia kwa macho yale yasiyoona mbali. Nikaushika mkono wa fundi nikaufunga vidole. Ghafla nikaliona jambo zima kama lilivyo. Mama akijua kilichoua gari ni kokoa yake, atauza shamba siku hiyo hiyo, atauza na choo, kwa kujutia. Asipojua, na gari likawa la kuponyeka, atauza ili liponywe. Na kokoa ilipanda juu ya gari kwa sababu mimi nililipaki gari juu ya sakafu ya kokoa. Hakuna mwizi, hakuna shetani. Mguu wangu mwenyewe kwenye breki, siku ile ya kwanza.

Nilimvuta fundi hadi nyuma ya banda la mbuzi. Kwanza nilimwomba radhi. Maneno yalitoka vibaya, kama mtu anayetapika, na nililia, ndiyo, mtu mzima mwenye wajukuu. Akasubiri nimalize. Kisha nikamwomba la pili: siku ya kuandikishana aje aseme mbele ya watu kwamba gari limekufa, halitengenezeki hata kwa boksi jipya. Gari likiwa maiti, mama hatakuwa na sababu ya kuuza.

Alijifuta tope kwenye suruali.

"Mwalimu, ulinivua nguo mbele ya wateja wangu kwa kitu ambacho sikufanya," alisema. "Sasa unaniomba nijivue mwenyewe mbele ya kijiji. Niseme limenishinda, na mimi ndiyo leo nimelipata."

"Najua."

"Hujui." Akazitupa zile punje kwenye majani ya migomba. "Nitakuja. Kwa ajili ya bibi."

Siku hizo mbili zilizobaki niliishi kama mtu aliyesamehewa kifungo. Nililiaga gari. Nilifungua mlango nikaufunga, nikausikia ule mlio, nikajiambia basi. Kiinua mgongo kimekwenda, heshima imekwenda, lakini mikokoa itabaki pale, na sakafu ya baba itarudi kuwa ya mama. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilimwambia hata mke wangu, naye akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama miaka mingi, akasema ataomba abadilishiwe zamu.

Walikuja asubuhi: mwenyekiti wa kitongoji na karatasi zake, jirani mnunuzi, mashahidi wawili. Viti vilipangwa pembeni ya gari kwa kuwa ndipo palipokuwa na sakafu. Mke wangu alikaa karibu na mama. Fundi alikuja amevaa shati safi. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno kabla ya kuandika, fundi alisimama.

Alisema vizuri. Alisema amelipima gari kila mahali, uzee umeingia hadi kwenye mifupa, na hata lingewekewa kiboksi kipya kutoka kiwandani halitawaka. Alisema limemshinda. Shahidi mmoja aliguna kwa dharau, na fundi aliusikia mguno ule akavumilia.

"Hata kiboksi hakisaidii?" mama aliuliza.

"Hakisaidii, bibi."

"Ndaga, asante mwanangu. Umesema kweli, wengine wangetula tu."

Jirani alianza kukunja karatasi, na sikuona kama amekasirika. Nilisikia pumzi ikinitoka kifuani. Mke wangu aliniwekea mkono begani.

"Usikunje," mama alisema.

Aliinuka kidogo kwenye kigoda chake, akageuza uso upande wangu, akinitafuta. "Kama hili limekufa, basi atanunua lingine. Zima, lisilo la uzee. Mimi sitaingia kaburini watu wakimcheka mwanangu." Kisha akaniuliza mimi, mbele ya wote, kwa upole ule ule wa kuniuliza nilipokuwa mdogo kama nimeshiba. "Au hulitaki?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali hilo. Jibu lake lilikuwa neno moja, na nilikuwa nalo. Fundi alikuwa ananitazama. Mkono wa mke wangu ulikuwa bado uko begani, nikahisi unavyokuwa mzito, kisha nikahisi ukiondoka. Mama alingoja, na ukimya wangu akauchukulia kuwa ni haya ya mtoto asiyependa kumwomba mzazi. Mwenyekiti akafungua kidau cha wino. Mbeya, karibu na stendi, nilikuwa nimeona moja la rangi ya fedha, la mwaka wa karibu zaidi. Mama alichovya kidole gumba, akakiinua kikingoja kuelekezwa mahali pa kugandamiza, na mimi nilikuwa nawaza kwamba rangi ya fedha haionyeshi vumbi.